Karma ya Jirani

Leo naanzia uwanjani, ingawa mazungumzo yenyewe si ya mpira.

Tarehe 30 Juni 1998, kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa, timu ya taifa ya Uingereza ilitolewa na Argentina kwa mikwaju ya penalti katika mji wa Saint-Étienne. Ndiyo ile mechi ambayo David Beckham alionyeshwa kadi nyekundu. Kocha alikuwa Glenn Hoddle. Kufungwa hakukumng'oa kazini. Kilichomng'oa kilikuja miezi saba kamili baadaye, nacho hakikuhusu mpira hata kidogo. Jumamosi ya tarehe 30 Januari 1999 gazeti la The Times la London lilichapa mahojiano ambamo Hoddle alinukuliwa akisema kwamba watu waliozaliwa na ulemavu hawakuzaliwa hivyo bure. Sababu ipo, nayo ni karma ya maisha mengine waliyowahi kuishi. Nchi ikachafuka. Waziri Mkuu, Tony Blair, akaulizwa kwenye televisheni, akasema kama kweli mtu huyo kayatamka hayo basi itakuwa vigumu abaki. Hoddle akajitetea kuwa ameeleweka vibaya. Jumanne, tarehe 2 Februari, kibarua kikaota nyasi.

Nakumbusha kisa hiki kwa sababu na mimi nimewahi kufanya kitu cha namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na kazi ya kupoteza.

Mtaani kwetu kuna jamaa mmoja, nitamwita jirani tu, bingwa wa kukopa. Muuza genge anamdai, fundi cherehani anamdai, na mimi namdai shilingi elfu arobaini. Asubuhi moja tuko kijiweni na kahawa na kashata zetu, ikaja habari kwamba jirani amegongwa na bodaboda, mguu umevunjika mahali pawili. Mmoja wetu akatua kikombe chini taratibu, akasema, "Karma hiyo." Tukacheka. Nasema kweli mbele yenu: na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Neno hili limeingia mjini juzi juzi tu, kupitia simu na filamu, likakuta nyumba tayari imeshajengwa. Sisi tulikuwa na "malipo ni hapa hapa duniani". Tulikuwa na "mchimba kisima huingia mwenyewe". Karma ikapewa chumba humo, ikavishwa kanzu ya methali zetu, na sasa kila mtu anamwona ni ndugu. Ukiachwa na mchumba, unamwombea karma imkute. Mwizi wa simu akishikwa, karma. Mwanasiasa akiangushwa kwenye kura za maoni, karma tena.

Nilipotoka kijiweni siku ile kicheko kilikuwa kimenikwama kooni. Nikaanza kusoma. Niseme mapema kwamba mimi si Mhindu, na dini niliyolelewa nayo inanifundisha kuwa mtu hufa mara moja, kisha hesabu. Siwauzii ninyi kuzaliwa tena. Ila nikitumia neno la watu, angalau nijue wenyewe wanamaanisha nini.

Kwa Kisanskrit, karma ni tendo. Basi. Linatoka kwenye kitenzi cha kufanya. Halina maana ya adhabu wala kisasi. Mtu anayesema "karma imempata" amesema, kwa maneno mengine, "tendo limempata", na hapo msikilizaji makini atauliza: tendo lipi, na limempataje?

Swali hilo liliulizwa zamani sana. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, kitabu kilichotungwa karne nyingi kabla ya Kristo, kuna mashindano ya wenye elimu mbele ya Mfalme Janaka wa Videha. Zawadi ni ng'ombe elfu moja waliofungwa dhahabu kwenye pembe zao. Mwanachuoni Yajnavalkya, kabla hata mjadala haujaanza, anamwamuru mwanafunzi wake awaswage ng'ombe nyumbani. Wenzake wanafura, wanambana kwa maswali mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Artabhaga, anauliza hivi: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi yake ikaenda na upepo, jicho lake likaenda juani, mwili ukarudi ardhini, yeye mwenyewe anakuwa wapi? Na huyu Yajnavalkya, aliyekuwa hamwogopi mtu, hakujibu mbele ya watu. Alimshika Artabhaga mkono, wakaenda pembeni wawili, kwa sababu jambo hilo si la hadharani. Kitabu kinasema walichozungumza huko pembeni ni karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema, huwa mbaya kwa tendo baya.

Napenda sana hapo wanaposhikana mkono. Waliofundisha jambo hili mwanzo waliliona ni la kunong'onezana. Sisi tumelifanya la kupigia kelele kijiweni, na mimi sasa nalitangaza redioni.

Tuje kwenye yoga. Ukitamka yoga leo, mtu anaona mkeka. Anaona watalii kule Paje, Unguja, wamenyoosha makalio juu wakiangalia bahari. Tangu 2015 kuna hata siku yake ya kimataifa, 21 Juni, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa. Hakuna ubaya, mgongo unanyooka. Lakini kitabu ambacho mafundi wa yoga wanakiita mama wa vitabu vyao, kile cha Patanjali, kina kauli fupi fupi 195, wengine wanahesabu 196, na zinazohusu jinsi ya kukaa ni tatu tu. Tatu! Nyingine nyingi zinahusu akili: inavyochafuka, inavyotulia, na inavyombeba mtu kutoka uhai mmoja hadi mwingine. Wataalamu wengi siku hizi wanakadiria kitabu hicho kilitungwa karne ya nne au ya tano baada ya Kristo, na tangu zamani kimesomwa pamoja na ufafanuzi unaohusishwa na mtu aitwaye Vyasa. Bila Vyasa, Patanjali ni kama telegramu, unaisoma ukijua kuna habari kubwa lakini huijui.

Kabla sijaifungua telegramu hiyo, kuna mtu mmoja wa kumtaja, maana najua baadhi yenu mnajiuliza mambo haya ya Kihindi yametuhusu lini. Abu Rayhan al-Biruni, Mwislamu, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, mwanahesabu na mwanafalaki. Alijifunza Kisanskrit ukubwani, akaitafsiri kazi ya Patanjali kwa Kiarabu, tena akaipanga kwa maswali na majibu, mithili ya mahojiano ya redio. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu India, alichokimaliza karibu na mwaka 1030, aliandika kwamba kama shahada ilivyo alama ya Uislamu, Utatu alama ya Ukristo, na Sabato alama ya Uyahudi, ndivyo kuzaliwa tena kulivyo alama ya dini ya Wahindi. Asiyekubali hilo si mwenzao. Al-Biruni mwenyewe hakulikubali. Alilieleza tu, kwa uangalifu kiasi kwamba mwenye imani hiyo angesoma na kusema, naam, hivyo ndivyo. Ningefurahi nikiweza hata robo yake jioni hii.

Basi Patanjali anasemaje? Anaanza na mizizi. Anataja maradhi matano ya akili, anayaita klesha. La kwanza ni kutojua: kuona kisichodumu ukadhani kinadumu. La pili ni umimi. La tatu ni kutamani, la nne kuchukia, la tano kung'ang'ania uhai, na hilo la mwisho anasema halimwachi hata mwenye hekima. Vyasa anaongeza ushahidi wa ajabu. Tazama funza aliyeanguliwa sasa hivi, anasema. Hajawahi kuona kifo, hajafundishwa na mtu, lakini tayari anakiogopa. Amekijulia wapi kifo, kama hakuwahi kufa? Mwalimu wa biolojia atakuambia ni silika na hoja itaishia hapo. Mimi hoja hainishawishi, ila mtu aliyeinama kumtazama funza namna hiyo namheshimu.

Kila tendo linalotoka kwenye mizizi hiyo huacha alama ndani. Wanaita samskara. Chukua mfano wa kwetu. Umepanda daladala, kondakta amekula chenji yako ya shilingi mia tano. Unapandwa na hasira, unamtukana. Unashuka, mambo yameisha. Hayajaisha. Kesho ukimwona kondakta mwingine kabisa, hajakufanya lolote, mkono tayari umekaza mfuko. Wiki ijayo unatukana kabla chenji haijaliwa. Mwaka ujao mkeo anakuuliza umekula nini kazini, nawe unajibu kama unayemjibu kondakta. Ni kama majani ya uwanja wa shule: mtu wa kwanza kukatiza haonekani alipopita, lakini wanafunzi mia wakikatiza pale pale, mwisho ni njia, na mgeni naye atapita humo humo bila kuuliza. Alama huzaa mwelekeo, mwelekeo huzaa tendo, tendo hukoleza alama. Mpaka hapo huhitaji kuamini maisha mengine. Hata anayeamini kuwa kaburi ndio mwisho anaijua njia hiyo.

Wao wanaendelea mbele. Wanasema mwili ukifa, rundo lile la alama halifi. Linaiva, na likiiva linatoa mambo matatu: utazaliwa kiumbe gani, utaishi muda gani, utapata raha au taabu gani. Lakini kuna sharti, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa Vyasa anazungumza na watu wanaokula wali.

Anasema: punje ya mpunga ikiwa ndani ya ganda lake, na nguvu yake ya kuota haijaunguzwa, itaota. Ikivuliwa ganda, au ikiunguzwa, haioti. Klesha ni ganda. Tendo likiwa na ganda la kutamani na kuchukia, litaota. Likivuliwa ganda, limekwisha.

Yeye alihitaji kueleza. Mswahili haelezwi, kwa sababu lugha yake imeshamaliza kazi: mpunga uko shambani, mchele uko sokoni, wali uko kwenye sinia. Vitu vitatu, majina matatu, punje ile ile moja. Hakuna mkulima, hata awe mlevi, aliyewahi kubeba gunia la mchele kwenda kupanda. Mwaga mchele kilo mia bondeni, mvua inyeshe mwezi mzima, kitakachotokea ni ndege kunenepa. Nimemkumbuka bibi yangu na kinu chake. Alikuwa akitwanga, kisha anapepeta kwa ungo, kumvi zinaruka upande wa upepo, na anapomaliza anakaa mlangoni na kuchambua kwa vidole, polepole, akitafuta chuya, zile punje chache zilizoponyoka mchi zikabaki na koti lake. Chuya moja mdomoni inakukera. Kwa mwana yoga, chuya moja ni zaidi ya kero. Ile bado ni mbegu.

Kwa hiyo kazi yote ya yoga, kule kukaa, kule kuvuta pumzi, kule kufunga macho, ni kutwanga na kupepeta. Patanjali anasema matendo ya watu wa kawaida ni ya aina tatu, meusi, meupe, na yaliyochanganyika, lakini tendo la mwana yoga si jeusi wala si jeupe. Wengi hushangaa hapo. Kumbe hata tendo jeupe linafunga? Linafunga, ikiwa umelitenda huku umetega sikio usikie ukisifiwa. Wazee wetu waliwahi kusema tenda wema nenda zako, na sidhani walisoma Patanjali, lakini wangekaa naye baraza moja wakaelewana. Ugumu uko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Kutenda wema tunaweza. Kwenda zetu ndiko kunakotushinda.

Kuna tofauti iliyo muhimu kwa masikio ya kwetu. Karma si laana. Laana kwetu hushuka na damu, babu amedhulumu, mjukuu anakosa mtoto. Karma haiulizi ukoo. Rundo ni lako, ulilibeba ukaingia nalo katika ukoo huo. Wala si kudra, maana katika mpango wa Patanjali hakuna aliyeandika. Mungu yumo kitabuni, anaitwa Ishvara, lakini hakai kwenye kiti cha hakimu. Ni nafsi ya pekee ambayo klesha na matendo na matunda yake hayajawahi kuigusa, na ni mwalimu wa walimu wa kale. Tendo linaiva lenyewe, kama embe.

Sasa turudi kwa Hoddle. Je, alichonukuliwa kusema ndicho wasemacho wenyewe?

Ingekuwa rahisi nijibu hapana, niwatetee Wahindi wote kwa mpigo. Haingekuwa kweli. Kitabu cha sheria cha Manu kinaorodhesha waziwazi: mwizi wa dhahabu atazaliwa na kucha mbovu, mnywaji wa pombe na meno meusi. Upanishadi ya Chandogya inasema wenye mwenendo mzuri huingia matumbo mazuri, la Brahmani au la mpiganaji, na wenye mwenendo mbaya huingia tumbo la mbwa, la nguruwe, au la mtu wa tabaka lililotupwa. Mamilioni ya watu waliambiwa kwa karne nyingi kwamba kufagia vinyesi vya wengine ni stahili yao, kwa deni la maisha ambayo hawayakumbuki. Ndiyo maana B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa miongoni mwa hao waliotupwa na baadaye akaongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, aliongoza watu kuichoma sheria ya Manu moto huko Mahad tarehe 25 Desemba 1927. Na mwaka 1956, alipoacha Uhindu akaingia Ubuddha mjini Nagpur pamoja na malaki ya wafuasi, hakulichukua fundisho hilo likiwa zima. Katika kitabu chake cha mwisho alihoji kwamba karma ya maisha yaliyopita, ikifundishwa hivyo, inaipa serikali au jamii njia ya kukwepa wajibu wake kwa hali ya maskini na wanyonge. Ukinitaka niseme nani ana haki kati ya Manu na Ambedkar, sihitaji hata kuvuta pumzi.

Vyasa lakini ni mtu mwingine. Anakaa chini na fumbo la tendo lipi huzaa nini na kulisumbukia kwelikweli. Je, tendo moja huzaa uhai mmoja? Haiwezekani, anasema, kwa maana matendo hayana mwanzo, foleni isingekwisha na watu wangekata tamaa. Je, tendo moja huzaa maisha mengi? Hapo ni vibaya zaidi, mengine yote yangekosa nafasi. Matendo mengi yakizaa maisha mengi kwa wakati mmoja nako hakuwezekani. Mwisho anaamua: yote uliyotenda tangu kuzaliwa hadi kufa, makubwa na madogo, mema na mabaya, hukusanyika wakati wa kufa na kuwa fundo moja, na fundo hilo huzaa uhai mmoja. Akili, anasema, ni kama wavu wa samaki uliotandazwa, mafundo kila upande. Mvuvi wa Pangani au Kilwa ajaribu kuniambia ni fundo gani la wavu lililomshika changu huyu. Na baada ya kupanga hoja zake zote, Vyasa mwenyewe anakiri kwamba mwendo wa karma ni wa namna nyingi, na ni mgumu kujulikana.

Huyo ndiye mwenye elimu. Yeye anasema ni vigumu kujua. Kocha wa mpira alijua. Na mimi, na kikombe changu cha kahawa, nilijua.

Kuna watakaosema: haya, basi tujikumbushe hayo maisha, tupate uhakika. Biashara hiyo ipo. Watu wanalala kwenye kochi, wanapewa sauti laini, wanaamka wakiwa wamekuwa malkia wa Misri. Sijasikia aliyeamka akiwa mchota maji. Lakini India ina kisa kizito zaidi, cha Shanti Devi, aliyezaliwa Delhi mwaka 1926. Akiwa mtoto wa miaka minne hivi alianza kusema kwamba nyumba hii si yake, kwao ni Mathura, na mumewe ni mfanyabiashara wa nguo aitwaye Kedarnath. Mathura alipatikana kweli mfanyabiashara wa jina hilo, na mkewe, Lugdi, alikuwa amekufa mwaka 1925 baada ya kujifungua. Mwaka 1935 kamati ambayo inasemwa Gandhi alikuwa na mkono katika kuiunda ilimpandisha mtoto treni hadi Mathura, na ripoti ya mwaka uliofuata ikasema mambo mengi aliyatambua. Mchunguzi mwingine, Bal Chand Nahata, akaenda, akatoka akisema ushahidi hautoshi. Walibishana hadi Shanti Devi alipofariki mwaka 1987, na hakuwahi kuolewa. Kwangu mimi swali la kweli au uongo linakuja nyuma ya hili: mtoto wa miaka minane kusimamishwa mbele ya mwanamume mzima na umati unaokodoa macho, aseme kama huyu ndiye mumewe. Sioni alichofaidika nacho.

Patanjali naye anasema kukumbuka kunawezekana: mwenye kuitazama alama ndani yake kwa utulivu kamili huyajua maisha yake yaliyopita. Kisha katika sura hiyo hiyo anaonya kwamba uwezo wa namna hii ni kikwazo kwa anayetafuta utulivu wa mwisho. Na Vyasa anaweka hapo kisa cha mzee Jaigishavya, aliyeona maisha yake yote katika mizunguko kumi mikubwa ya dunia kuumbwa na kubomolewa. Mwenzake Avatya akamwuliza lile swali ambalo na wewe ungemwuliza: umekuwa mnyama, umekuwa mtu, umekuwa mungu, umeona yote, je, ulipata zaidi raha au taabu? Mzee akajibu kwamba yote aliyoyapitia anayahesabu kuwa taabu. Avatya hakuridhika. Hata ule uwezo wako mkubwa, hata kuridhika kwako? Mzee akasema kuridhika ni raha ukilinganisha na starehe za dunia, lakini ukilinganisha na uhuru kamili, nako ni taabu. Hakutaja hata mara moja kwamba zamani alikuwa nani.

Kisha kuna kauli moja ya Patanjali, maneno matatu tu kwa Kisanskrit, ambayo ndiyo iliyonitoa nyumbani kwenda kwa jirani. Anasema taabu ya kuepukwa ni ile ambayo haijaja. Vyasa anafafanua: iliyopita imeshapita, uliyo nayo sasa imeshaanza kuliwa, ya kushughulikia ni inayokuja. Fundisho zima limeelekeza uso mbele, na linamsemesha mtu kuhusu nafsi yake: mguu ulioumia ni wa jirani, lakini kicheko kilikuwa changu, na kama kuna alama iliyochorwa asubuhi ile kijiweni basi ilichorwa kwangu.

Nilikwenda kumwona jirani wiki ya tatu, na machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Mguu ulikuwa umefungwa plasta hadi juu ya goti na watoto walikuwa wameandika majina yao juu yake kwa kalamu. Akaniona mlangoni, akashtuka, akaanza kueleza habari za elfu arobaini kabla sijaketi. Nikamwambia sikuja kwa hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni mtu wa pili tu kutoka kijiweni aliyefika.

Msikilizaji, kama mtaani kwenu kuna aliyeanguka na mnajua sababu yake, kamjulie hali kwanza. Jirani yangu sasa anatembea bila mkongojo. Elfu arobaini hajalipa.